Jibu: Kumtafuta babu kabla ya sensa ya 1870

Ndugu, umeuliza pa kumtafuta babu wa babu yako aliyekuwa mtumwa kusini mwa Marekani, kwa kuwa kabla ya sensa ya 1870 humwoni kwa jina. Sensa za 1850 na 1860 ziliandika watumwa chini ya jina la mmiliki, kwa umri, jinsia na rangi, karibu wote bila majina. Nenda kwenye mafaili ya mirathi ya mahakama ya kaunti. Mmiliki alipofariki, mali yake iliorodheshwa, na mara nyingi watumwa wake walitajwa humo kwa majina na bei. Inauma sana kusoma, jiandae. Kwenye faharasa ya mafaili hayo tafuta jina la mmiliki, si la babu. Na usiishie kwenye wosia, omba faili zima: orodha ya mgawanyo ndiyo huonyesha mama alikwenda kwa mrithi gani, na watoto wakaenda kwa yupi.