Kwa Mnaoanza Kusoma Ukoo wa William Mshindi: Fuateni Akina Mama

Kama ndiyo kwanza unaanza kusoma ukoo wa Wanormani, watu wa Normandy huko Ufaransa, waliotwaa Uingereza mwaka 1066, usianze na orodha ya wafalme. Wako wanne tu: William Mshindi, William Rufus, Henry I na Stephen. Utawakariri jioni moja, na bado hutajua kwa nini nchi iliingia vitani baada ya Henry kufa mwaka 1135, Stephen na Matilda, binti wa Henry, wakigombea taji. Anza na dada zao, wake zao na watoto wao wa nje ya ndoa.

Kitakachokusumbua mapema ni jina Matilda. Mke wa William Mshindi ni Matilda wa Flanders. Mke wa Henry I ni Matilda wa Scotland, ambaye utotoni aliitwa Edith. Binti yao ni Matilda aliyeolewa na Kaisari Henry V wa Ujerumani. Mke wa Stephen ni Matilda wa Boulogne. Hapo sijawagusa mabinti wa nje wa Henry. Kwenye daftari lako usiandike jina hilo peke yake hata mara moja: andika ni binti wa nani, mke wa nani, wa wapi.

Sasa tazama undugu. Stephen alidai kiti kupitia mama yake, Adela, binti wa William Mshindi aliyeolewa Blois, Ufaransa. Kwa hiyo yeye na Matilda binti Henry ni watoto wa shangazi na mjomba. Hilo husemwa sana. Lisilosemwa sana ni kwamba mama wa mke wa Stephen, Mary wa Scotland, alikuwa mdogo wake Edith, tumbo moja. Wale Matilda wawili waliopambana katika vita hivyo, binti Henry na mke wa Stephen, walikuwa wajukuu wa bibi mmoja, Margaret, mwenye damu ya wafalme wa Kiingereza wa kabla ya Wanormani.

Ukilishika hilo, soma upya mwaka 1141. Februari, Stephen anatekwa Lincoln. Mkewe anakusanya jeshi na kuisogelea London, na Juni watu wa mji wanamfukuza Matilda binti Henry kabla hajavikwa taji. Septemba, Matilda binti Henry na watu wake wakikimbia kutoka Winchester, Robert wa Gloucester anabaki nyuma kumkinga dada yake, naye anakamatwa. Robert ni mtoto wa nje wa Henry. Mfalme Stephen na Robert wakaachiwa kwa kubadilishana, na walioshughulikia makubaliano hayo ni wake wa mateka hao: malkia Matilda na Mabel, mke wa Robert. Ukisoma wafalme peke yao, Mabel humwoni kabisa.

Watoto wa nje wa Henry walizidi 20, na aliwatumia kufunga undugu na majirani. Sybilla, kwa mfano, aliolewa na mfalme wa Scotland. Lakini msome pia Juliane. Mwaka 1119, baada ya mumewe kumpofusha mtoto aliyekuwa mateka, Henry aliruhusu wajukuu zake mwenyewe, mabinti wa Juliane, wafanyiwe ukatili huohuo. Juliane aliomba kuonana na baba yake, kisha akamrushia mshale. Ukamkosa.

Anayesimulia hayo ni Orderic Vitalis, mtawa wa Normandy. Kila unaposoma, uliza mwandishi alikuwa wa upande gani: William wa Malmesbury, kwa mfano, alimwandikia Robert wa Gloucester, na sifa anazompa zipime kwa jicho hilo. Kisha nenda kwenye hati za kutoa ardhi, usome majina ya mashahidi mwishoni. Hapo ndipo ndugu wasiotajwa kwingine hujitokeza.

Ukitaka mtu wa kufanyia mazoezi, mchukue Marie, binti wa Stephen, aliyekuwa mkuu wa watawa wa kike Romsey. Kaka yake William alipokufa mwaka 1159 bila mtoto, urithi wa Boulogne, uliotoka kwa mama yao, ukabaki kwake. Mwaka 1160 alitolewa utawani akaozwa Matthew, mtoto wa mtawala wa Flanders. Alizaa mabinti wawili, kisha akarudi utawani, na Boulogne ikaja kushikwa na binti yake Ida.