Aliyepitiwa na dege achomwe sindano?

SWALI: Assalaam alaykum bibi. Mwanangu ana mwaka na nusu. Juzi usiku homa ilimpanda, akakakamaa, macho yakageuka juu. Mama mkwe akamfunika kaniki, akamfukiza mvuje. Asubuhi nikataka kwenda kituoni, akanikataza: mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Sasa hajambo, ila naogopa. Nifanyeje?
Mama mtoto, Konde, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Mpeleke leo, hata kama anacheza.

Na mimi nimelelewa na hofu ya dege, yule ndege wa kishetani anayesemwa kuwa akimpitia mtoto humtia degedege. Bibi yangu kule Micheweni alikuwa akianua nguo za mtoto kabla ya magharibi, dege asije akazipitia. Kwa hiyo simlaumu mama mkwe wako. Ila hilo la sindano nimeliona linavyozaliwa.

Nilikuwa muuguzi kijana. Adhuhuri akaletwa mtoto amezongwa kaniki, degedege imemshika tangu alfajiri. Nilipomfunua nilikuta mdomoni majani yaliyopondwa, mengine yameshaingia kooni, na anakoroma. Tulimchoma kwinini, dawa ya malaria. Alasiri haikumkuta. Waliomleta wakarudi kijijini na neno moja: sindano imemuua. Zile saa za tangu alfajiri hakuna aliyezihesabu. Mpaka leo linaniuma.

Degedege nyingi za watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 huletwa na homa kupanda, na hukoma zenyewe kwa dakika chache. Lakini homa hiyo ina chanzo: yaweza kuwa malaria, yaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, na moshi hauwezi kukwambia ni ipi. Malaria hupimwa kwa tone la damu ya kidoleni tu.

Ikirudi, mlaze ubavu, mlegeze nguo. Usimtie kitu mdomoni, si kijiko, si dawa, si maji. Usimfunike, usimfukize, wakati ule anahitaji hewa. Ikipita dakika 5, au ikimrudia kabla hajazindukana, mbebe mkimbie, hata usiku wa manane.

Kombe la zafarani, yale maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, mama mkwe atamnywesha akishazindukana na anameza vizuri, na dua amsomee njiani. Mwombe mfuatane, ampakate yeye mjukuu wake. Akae palepale daktari anapompima, aulize mwenyewe habari ya sindano, ajibiwe.