Risiva ya wati 1000 au ya wati 70: nichukue ipi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina TV ya 4K, spika tano ndogo na sabufa. Spika na sabufa zimebaki kutoka kwenye seti ya homu thieta ambayo deki yake imekufa. Nataka kununua risiva peke yake, ile mashine inayopokea sauti na kusukuma spika, spika zibaki hizihizi. Nimepata mbili, bei zinakaribiana. Moja boksi lake limeandikwa wati 1000. Nyingine imeandikwa wati 70 kwa kila chaneli, yaani kwa kila spika. Sebule ni mita 4 kwa 5. Rafiki yangu anasema nikiacha wati 1000 nitakuwa nimepoteza. Halafu sabufa yangu ina waya mdogo kama wa spika tu, hauendi kwenye umeme. Sijui kama hilo nalo ni tatizo.

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Niruhusu nianze na hilo la mwisho, maana ndilo litakalokuumiza usipolijua kabla ya kulipa.

Sabufa isiyo na waya wa umeme haina amplifaya ndani. Ilikuwa ikisukumwa na ile deki iliyokufa. Risiva za kawaida, hata zile ghali, hazifanyi kazi hiyo. Ile namba 5.1 inayoandikwa kwenye risiva maana yake ni amplifaya tano kwa spika tano. Ile 1 ya mwisho ni tundu la RCA, lile la duara la pini moja, linalotoa ishara hafifu, likitegemea sabufa ije na nguvu zake yenyewe. Waya wako wa nyuzi mbili hauna pa kuungwa. Wapo wanaoubana pamoja na waya wa spika ya mbele ili besi isikike. Tafadhali usifanye hivyo: chaneli moja inabebeshwa mizigo miwili. Ama tafuta sabufa yenye amplifaya ndani, ama uweke amplifaya ndogo kati ya risiva na hiyo uliyonayo. Njia ya kwanza ina usumbufu mdogo.

Sasa geuza spika zako usome kibandiko cha nyuma. Spika za seti za boksi moja mara nyingi zimeandikwa omu 3 au 4 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi spika inavyozuia umeme), wakati risiva nyingi za bei nafuu zinataka omu 6 hadi 8. Ukinzani ukishuka nusu, mkondo wa umeme unaotoka unakuwa mara mbili, na joto linapanda nao. Ndiyo maana naletewa risiva zinazoitwa mbovu ambazo hazina ubovu wowote: sauti ikiwa chini zinaimba vizuri, ukipandisha zinakata na taa inaanza kupepesa. Hiyo ni risiva inayojilinda. Siku moja nilipekua moja kwa saa nzima, kumbe nyuma, penye waya wa spika ya kulia, unyuzi mmoja wa shaba, mwembamba kama unywele, ulikuwa umechomoza ukagusa bodi ya chuma. Niliusokota pamoja na wenzake, nikaurudisha mahali pake, ikaimba hadi jioni. Kwa hiyo ukifunga waya zako, usiache hata unyuzi mmoja nje.

Tuje kwenye wati. Wati 1000 za boksini kwa kawaida ni jumla ya chaneli zote, kila moja ikiwa imepimwa peke yake, kwa mlio mmoja wa hezi 1000 (hezi ndogo ni besi, kubwa ni mlio mwembamba), na sauti ikiwa imeruhusiwa kuchafuka hadi asilimia 10. Asilimia 10 ni spika inayokwaruza. Hakuna atakayekaa sebuleni kuisikiliza. Ile ya wati 70, kama kitabu chake kinasema imepimwa kwa omu 8, chaneli mbili zikifanya kazi pamoja, kuanzia hezi 20 hadi 20,000, na uchafu chini ya asilimia 0.1, basi hizo ni wati za kweli. Chaneli zote tano zikidai nguvu kwa wakati mmoja zitapungua, lakini filamu ni nadra kudai hivyo kwa muda mrefu. Linganisha pia uzito wa mashine zenyewe. Transfoma yenye nguvu ni nzito, na risiva nyepesi kama redio ndogo inakuambia jambo.

Na sebule ya mita 4 kwa 5 haihitaji makubwa. Spika ya wastani hutoa kama desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati moja, ukiwa umbali wa mita 1. Kila ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu. Tofauti ya wati 70 na wati 100 haifiki desibeli 2, na sikio lako litaipata kwa shida.

Ninachotaka ukikague kwa makini zaidi ni tundu la HDMI, la waya unaobeba picha na sauti. Tafuta lenye maandishi ARC, yaani linaloweza kurudisha sauti kutoka TV hadi risiva, au bora zaidi eARC, kisha angalia TV yako ina lipi. ARC inatosha kurudisha sauti ya 5.1 kutoka kwenye programu za filamu zilizo ndani ya TV, na hata Dolby Atmos, sauti inayosikika pia kutoka juu, ya aina iliyobanwa inayotumika huko. eARC inapitisha sauti isiyopunguzwa ya diski za Blu-ray. Kama utapitisha picha ya 4K ndani ya risiva, hakikisha inakubali HDCP 2.2, kinga ya kuzuia kunakili filamu, la sivyo baadhi ya vifaa vitakupa kioo cheusi. Spika za Atmos za darini ziache kwa sasa.

Ningekuwa mimi, ningechukua ya wati 70, mradi ina ARC na iwe na maikrofoni ya kupima chumba. Hiyo maikrofoni unaiweka pale unapokaa, usawa wa masikio, siyo sakafuni. Baada ya kupima, ingia kwenye menyu uangalie spika ndogo zimewekwa wapi kwenye mpaka wa besi: kwa spika za ukubwa wa ngumi, weka hezi 120 au 150, siyo 80, ili sabufa ibebe kile ambacho zenyewe haziwezi. Iachie risiva nafasi ya kupumua juu, usiifunike kitambaa wala kuiwekea king'amuzi mgongoni.

Kibandiko kikisema omu 3, fedha ya kwanza utakayopata baada ya risiva nunua spika mbili za mbele za omu 8, hata kama utakaa na mbili tu kwa miezi kadhaa. Sauti ya spika mbili nzuri inashinda tano dhaifu, na risiva itakuruhusu kuongeza ya kati, za nyuma na sabufa moja baada ya nyingine. Nitumie namba iliyo kwenye kibandiko, pamoja na aina ya TV, kabla hujalipa.