Kabla ya ugonjwa, tazama tyubu

Madaktari vijana hunijia na swali lile lile: "Daktari, nikibobea kwenye damu nitakuwa natibu watu kweli, au nitashinda na mafriji?" Huwa nacheka kwanza. Kisha nawaambia watafanya yote mawili, na kwamba mafriji ndiyo yatakayowafundisha zaidi.

Mimi mwenyewe sikuichagua fani hii. Nilitaka magonjwa ya ndani, nikapangiwa miezi mitatu benki ya damu, nikaona nimeadhibiwa. Wiki ya pili likaja jibu la mgonjwa aliyekuwa akisubiri upasuaji: kipimo cha APTT, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kilikuwa kimerefuka mno. Upasuaji ukaahirishwa. Nikajaa furaha ya mwanafunzi aliyepata mtihani anaoupenda. Himofilia, ule ugonjwa wa kurithi wa damu kutoganda? Ini? Kingamwili? Nikaagiza vipimo chungu nzima. Siku ya pili, mtaalamu wa maabara, mama aliyebakiza miaka michache astaafu, akaniuliza taratibu, "Daktari, tyubu yenyewe umeiona?"

Sikuwa nimeiona. Ilikuwa imejazwa nusu.

Tyubu ile ya kifuniko cha buluu ina sitireti, kemikali inayoishika kalsiamu, madini ambayo damu huyahitaji ili igande, ili isigande njiani. Uwiano wake ni sehemu 9 za damu kwa 1 ya sitireti. Damu ikipungua, sitireti inazidi, na kalsiamu inayoongezwa kwenye mashine haitoshi kuishinda. Jibu linatoka refu, na mgonjwa anaonekana mgonjwa zaidi ya alivyo. Tulitoa damu upya, jibu likawa la kawaida kabisa. Mtu alishindishwa njaa siku mbili kwa sababu ya mililita moja na kitu.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni huo: kabla hujafikiria ugonjwa, tazama tyubu. Ukishaitazama, soma jina. Karl Landsteiner alituonyesha makundi ya damu mwaka 1901, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930, na tangu hapo tunajua kwa nini damu ya kundi A ni hatari kwa mtu wa kundi O. Hata hivyo, anayewekewa damu isiyo yake leo, mara nyingi sayansi haikukosea popote. Lebo iliandikwa mbali na kitanda, au wodi ilikuwa na wagonjwa wawili wenye majina yanayofanana. Usiku mmoja nilikataa sampuli iliyotofautiana na fomu kwa herufi moja tu. Daktari wa upasuaji alinitukana kwenye simu hadi nikaisogeza mbali na sikio. Nikampelekea O hasi, damu ya dharura inayoweza kupewa karibu kila mtu, ya kumvusha mgonjwa, nikasisitiza sampuli itolewe upya. Zoea kutukanwa, ni sehemu ya kazi.

Utatukanwa pia kwa kusema hapana. Kizazi changu kilifundishwa kwamba himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ikishuka chini ya gramu 10 kwa desilita, ongeza damu. Mwaka 1999 utafiti uliofanyika Kanada kwa wagonjwa mahututi ukaonyesha kwamba waliosubiriwa hadi washuke chini ya 7 hawakufa zaidi ya wale wa 10. Lakini usimkatalie mwenzako kwa namba ukiwa umekaa kitini. Panda wodini. Anavuja damu bado? Moyo wake ukoje? Anapumua vipi? Mara kadhaa nimekwenda nikiwa na hapana yangu mfukoni, nikarudi nimeidhinisha mifuko miwili.

Kuhusu utafiti, sikuanza na wazo kubwa. Nilianza na daftari la majibu yanayokataa kueleweka. Mfano ninaoupenda ni wa John Hageman, mfanyakazi wa reli nchini Marekani. Alipopimwa kabla ya upasuaji, damu yake ilichelewa ajabu kuganda ndani ya tyubu ya kioo, ilhali mtu mwenyewe hakuwahi kusumbuliwa na kuvuja damu. Daktari Oscar Ratnoff hakulitupa jibu lile. Mwaka 1955 yeye na mwenzake wakachapisha habari za protini ya kugandisha damu iliyokosekana, ile tunayoiita leo namba 12. Mwaka 1968 Hageman akafariki, na kilichomuua ni donge la damu lililoziba mshipa wa mapafu. Damu iliyogoma kuganda kwenye kioo iliganda mwilini! Sasa watafiti wanajaribu dawa za kuzuia protini namba 11 na 12, wakitumaini kuzuia madonge bila kumfanya mgonjwa avuje damu. Nusu ya kazi yangu imetoka kwenye kisa hicho.

Na uwe na subira, hasa kama unapenda matokeo ya haraka. Utako Okamoto na mumewe Shosuke, huko Japani, walitangaza asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza uvujaji wa damu, mwaka 1962. Ilibidi ifike 2010 ndipo utafiti wa majeruhi zaidi ya 20,000 uthibitishe kwamba inapunguza vifo, na inafaa itolewe ndani ya saa 3 tangu mtu aumie. Na katika kusubiri huko, jokofu lako la sampuli litakufa wikendi moja. Litakufa tu.

Mwezi uliopita alikuja binti mmoja na swali la mafriji. Nilimpeleka chumba cha chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazosaidia kuziba jeraha, zinakotikiswa usiku na mchana kwenye nyuzi 20 hadi 24, na kwa kawaida hazidumu zaidi ya siku 5. Nikamwambia akatafute kwa nini hizo hatuziweki kwenye baridi kama chembe nyekundu. Amerudi na maswali manne. Mawili nilimjibu. Mengine mawili tumeyaandika daftarini.