Jibu: Moyo uliotawanyika na Yohana 4
Shalom dada. Umeuliza usomaji wa ndani wa Biblia, yaani kutafuta maana ya kiroho ndani ya hadithi, unamsaidiaje mtu ambaye moyo wake hutawanyika hata akisali. Anza na Yohana 4, mwanamke Msamaria kisimani. Agostino, askofu wa Hippo, leo Annaba nchini Algeria, aliwaona wale waume watano wa mwanamke huyo kama milango mitano ya fahamu, inayoitawala nafsi tangu utotoni. Yesu anaposema “kamwite mumeo”, Agostino anasikia: iite akili yako, ije hapa tulipo. (Mwanamke mwenyewe ni mtu halisi, tusimfute.) Mimi husoma mstari huo wa “kamwite mumeo”, wa 16, peke yake alfajiri, polepole. Siku nyingine macho na masikio huvuta huku na huko mpaka mwisho. Kesho yake narudi kisimani.