Kaka wa Tanga, weka mkasi chini: gari la wazi halivishwi turubai la lori

Kaka, huo mkasi uweke chini kwanza. Umeandika kwamba Land Rover yako ya 1966, Series IIA isiyo na paa, umeshaipatia fundi wa maturubai, Jumamosi anakuja kupima, na unachotaka kwetu ni kujua turubai la plastiki la lori uchukue zito kiasi gani, mita ngapi, uzi upi, na vioo vya pembeni vikatiwe vipi. Nimesoma hapo tumbo likanikata. Hivyo hivyo ndivyo nilivyofanya mimi hapa Mombasa miaka minne iliyopita, na gari langu lina makovu mpaka leo.

Langu ni MGB ya 1967, gari dogo la Kiingereza, la wazi, mwili karibu wote chuma. Lilikaa kwa fundi wa bodi miezi kumi na nne. Vyuma vya chini ya milango vilikatwa vikachomelewa vipya, pati ikasuguliwa kwa mkono, halafu rangi ya kijani ikapigwa tabaka tatu. Rangi peke yake ilinila Sh180,000 za Kenya. Gari likatoka mwezi wa tatu mwishoni, masika yanabisha hodi, na mimi sina banda. Nikawa silali nikiwaza mvua.

Nikaenda duka la maturubai. Muuzaji akalitandaza lile la plastiki nene juu ya meza, akalimwagia jagi zima la maji, akaligeuza. Chini kukavu. "Hili hata bahari ikipanda halipitishi tone," akasema. Nilimuuliza mara mbili, mara mbili kaka, kama linafaa kwa gari lililopakwa rangi juzi tu. Akanijibu kwamba anauzia wenye malori kila siku na hajasikia lori lililolalamika.

Nikilikumbuka jibu hilo damu inanichemka. Kwenye lori kinachofunikwa ni mzigo, lori lenyewe halifunikwi. Turubai linakaa juu ya magunia, linafunguliwa baada ya siku mbili tatu, na hakuna anayejali limegusa nini. Mtu anayekula kwa kuuza kitu fulani anatakiwa akijue, na asipojua aseme sijui. Neno hilo moja lingeniokolea zaidi ya laki mbili. Fundi naye akalishona likalibana gari kama soksi, akazungushia lastiki chini pande zote, akaniambia amefanya hivyo ili hata hewa isipite. Nikamlipa, nikamwongeza ya chai.

Mwezi wa tano nikasafiri wiki tatu.

Niliporudi ilikuwa asubuhi. Nikainua pembe ya upande wa dereva, na kitu cha kwanza kunipokea kilikuwa harufu, ile ya nguo mbichi zilizosahauliwa ndooni. Upande wa ndani wa turubai ulikuwa umejaa matone yaliyopangana kama jasho la usoni, na turubai lenyewe halina tundu hata moja. Usukani umeota ukungu kwenye mishono ya ngozi. Nikapangusa boneti, nikaona mfumo wa nyuzi za turubai umejichora kwenye rangi, miraba midogo midogo, kama mgongo wa mtu aliyelala juu ya mkeka bila shuka. Nikapitisha kidole, inagusika. Kwenye madigadi ya kushoto malengelenge, mengine kama punje ya mtama, mengine kama kunde. Nikapasua moja kwa ukucha. Likatoka tone la maji, na chini yake chuma kimeshaanza kuwa na rangi ya chai.

Maji hayo hayakutoka juu. Turubai lilifanya kazi yake, mvua haikupita. Yalitoka chini. Gari lilikuwa limeegeshwa juu ya udongo, na udongo wa masika umelowa. Mchana jua linapiga, unyevu wa ardhini unapanda kama mvuke, unakutana na plastiki, hauna pa kutokea. Usiku plastiki na chuma vinapoa, na mvuke unageuka maji juu yake. Kesho yake jua tena, mvuke tena, maji tena. Zidisha kwa siku ishirini na moja. Ongeza chumvi ya hewa ya pwani. Hapo umelitengenezea gari sufuria yenye mfuniko.

Na ile michoro kwenye boneti ni jambo jingine, lisikilize vizuri kwa sababu umesema na wewe utapiga rangi. Plastiki ya namna ile inalainishwa kwa mafuta maalumu ili ikunjike. Ikipata joto la jua mafuta hayo yanatoka taratibu na kuingia kwenye rangi iliyogusana nayo. Rangi mpya bado haijakomaa, inaendelea kutoa mvuke wake kwa wiki kadhaa. Ukiifunika hivyo haikauki, inabaki laini, inachukua umbo la chochote kinachoilalia. Kuirekebisha ilibidi kukwangua boneti na madigadi zote mbili mpaka rangi yote ikatoka. Sh95,000 hapo, viti vikashonwa upya kwa Sh60,000, na vyuma vya chini ya mlango wa kushoto vikafunguliwa tena, Sh70,000 nyingine. Mlango wa kushoto mpaka leo kijani chake hakijalingana na cha kulia. Jua la saa kumi likipiga unakiona.

Najua utaniambia Land Rover mwili wake ni alumini, haupati kutu. Kweli, mapande yake mengi ni alumini. Lakini chesisi ni chuma, na ule ukuta ulio mbele ya miguu yako, unaobeba kioo cha mbele, ni chuma pia. Tena alumini ikigusana na chuma, katikati pakawa na maji ya chumvi, inayoliwa ni alumini. Nenda sasa hivi ukaangalie kuzunguka misumari ya ribiti na pale milango inapoungana na fremu. Ukiona unga mweupe kama chokaa, ugonjwa umeshaanza, na turubai la plastiki litauongezea kasi.

Kwa hiyo shika hili, mengine yote tutaelewana: kitambaa kisichopitisha mvuke kisiguse gari. Usinunue kwa kumwagiwa jagi la maji kama mimi. Chukua kikombe cha maji yanayochemka, kifunike kwa kipande cha kitambaa, kaza kwa mpira, halafu shika kijiko baridi juu yake bila kukigusa. Hesabu mpaka sitini. Kijiko kikiota ukungu, kitambaa kinapumua. Kikibaki kinang'aa, mwachie muuzaji kitambaa chake, hata akuapie. Watu wengine wanapima kwa kupuliza kwa mdomo, lakini vipo vitambaa vizuri vinavyogomea pumzi na bado vinapitisha mvuke, ndiyo maana mimi nasisitiza kikombe.

Ninachotumia sasa ni kile cha akriliki wanachoshonea vifuniko vya boti na vivuli vya hoteli za ufukweni. Rangi yake imo ndani ya nyuzi zenyewe, jua haliifubazi upesi, maji yanateleza juu, mvuke unatoka. Bei inauma. Ila nilipima kwa kikombe kabla ya kutoa hela, na kijiko kiliota ukungu kabla sijafika ishirini. Ndani nimetia bitana ya flaneli sehemu zinazogusa rangi, kwa maana upepo wa kusi ukiingia chini ya kava inapigapiga, na vumbi lililobaki kwenye gari linageuka msasa. Osha gari, likauke kabisa, ndipo ulifunike. Lastiki pande zote sitaki tena kuiona. Nafunga kwa kamba nne, na nyuma nimeacha wazi kiasi cha kiganja.

Uzi uwe wa poliesta. Wa pamba utaoza, wa nailoni utaliwa na jua.

Na kwa kuwa gari lako halina paa, weka zile fremu za chuma za paa la turubai lililokuja na gari kama unazo, kava ipande juu yake. Usipofanya hivyo kitambaa kitalala juu ya viti na kuwa beseni, na lita ishirini za mvua ni kilo ishirini zinazovuta kila mshono. Kama una banda la makuti, basi hata akriliki huihitaji. Amerikani tupu inatosha kwa vumbi, ila ifue kwanza kabla ya kukata, itarudi.

Kama turubai umeshalilipia, usihangaike kulirudisha. Chimba nguzo nne, litundike juu kupita kimo cha mtu, liinamie upande mmoja ili maji yateremke, gari likae chini yake pande zote wazi. Hapo litakufaa miaka. Na huyo fundi wa Jumamosi mpigie leo, mwambie asije na mkasi, aje na sampuli. Maji ya moto utachemsha wewe.