Silani na Unyevu: Nilivyojifunza kwa Kuharibu Slaidi

Mwezi Aprili, masika yakiwa yamekolea jijini Dar es Salaam, nilitoa slaidi 20 za kioo za hadubini kwenye mchanganyiko wa silani (kemikali yenye silikoni inayounganisha kioo na vitu vingine) na kuzikuta zina utando mweupe unaokwaruzika kwa ukucha. Nilikuwa nimetumia aminopropili-triethoksisilani, ambayo maabara tunaiita APTES, ili vipande vyembamba vya tishu vishike kwenye kioo visichukuliwe na maji wakati wa kutiwa rangi. Vilichukuliwa karibu vyote.

Kilichoniponza ni maji. Silani huyahitaji kidogo ili vikundi vyake vya ethoksi vigeuke silanoli (vikundi vya silikoni yenye haidroksili), ambazo ndizo hufungamana na vikundi vya haidroksili vilivyo juu ya kioo. Lakini maji yakizidi, molekuli za silani huungana zenyewe kwa zenyewe ndani ya kimiminika, na vibonge vinavyotokea hutua juu ya slaidi. Tabaka la molekuli moja halifikii unene wa nanomita 1, kwa hiyo ukiona utando kwa macho, ujue kazi imeharibika.

Tangu siku hiyo siiamini chupa iliyokaa wazi. Hununua chupa ndogo, ingawa bei yake kwa mililita ni ya kuumiza, na kama ilikuwa kwenye jokofu huiacha ifikie joto la chumba kabla sijagusa kizibo, maana chupa baridi ikifunguliwa hushika umande.

Kioo nacho kiwe safi kwelikweli. Tone la maji likidondoshwa juu yake litandae; likijikusanya kama shanga, rudia kusafisha. Mimi husafisha kwa plazma ya oksijeni (gesi iliyochajiwa kwa umeme), kwa kuwa njia nyingine, mchanganyiko wa asidi ya salfuriki na haidrojeni peroksaidi, unaweza kulipuka ukikutana na asetoni. Baada ya kukausha, hulowesha slaidi dakika 30 katika toluini (kiyeyushi) kavu, yaani isiyo na maji, yenye APTES asilimia 1, huzisuuza kwa toluini mara mbili, kisha kwa ethanoli, ndipo huziingiza kwenye oveni ya nyuzi 110 za Selsiasi kwa nusu saa. Kwenye kusuuza ndiko wanafunzi wengi hulipua kazi: silani iliyolala tu juu bila kufungamana isipoondolewa mapema, joto la oveni huigandisha papo hapo.

Slaidi moja huipitisha katika hatua zote isipokuwa ile ya silani, kisha huiwekea tishu ileile. Tishu ikibanduka kwenye hiyo na kubaki kwenye nyingine, najua iliyoishika ni silani.